Mashine ilishindwa kumsoma mzee

Juzi umeme umekatika, binti yangu wa mwisho, yule mchokozi mnayemjua, akapekua droo zangu zote akitafuta betri za tochi. Akarudi na betri mbili nyembamba mkononi na kidude cheusi kwapani.

"Mama, nimezitoa humu. Hii ni kompyuta?"

Nikamwambia ni kamusi ya elektroniki, ya Kijapani. Akaifungua, akaigeuza chini juu, akatafuta pa kuwekea laini, hakupaona.

"Sasa kama haina intaneti, inajua nini?"

Sikumjibu. Nikamwambia aweke betri kwenye tochi, giza halina subira. Lakini usiku ule nililala Dar, mawazo yakalala Osaka.

Ilikuwa vuli ya 2008, ndani ya duka la elektroniki la Yodobashi pale Umeda, ng'ambo ya stesheni. Walioingia maduka yale wanajua kelele zake: wimbo wa duka unajirudia kutwa, na tuni yake ni ya wimbo wa kanisani ninaoujua tangu Sunday school, kwa hiyo kila ukifika kwenye kiitikio kichwa changu kiliimba haleluya wakati wao wanasifia bei. Nilikuwa na dada mmoja Mjapani, senpai wangu, yaani mkubwa wangu wa masomo, aliyesomea Kiswahili kwenye kile chuo cha lugha za kigeni kilichounganishwa na Chuo Kikuu cha Osaka mwaka uliotangulia. Alishakaa Unguja. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi tamu kuliko changu cha Moshi, na alikuwa akinirekebisha bila haya.

Kilichotupeleka ni karatasi. Mtihani wa Kijapani daraja la kwanza, lile la juu kabisa, nilikuwa nimeshafaulu, enzi zile madaraja yakiwa manne, na cheti nilikitundika ukutani kama picha ya harusi. Kisha profesa akanipa nakala ya ripoti ya ubalozi mdogo wa Japani wa Mombasa, ya miaka ya 1930. Utafiti wangu mnaukumbuka, nimeshawachosha nao: vitambaa vya pamba vya Osaka vilivyomwagika kwetu, kanga zikiwemo. Meli za Osaka Shosen zilianza safari za Afrika Mashariki mwaka 1926, ubalozi mdogo ukafunguliwa Mombasa 1932, na mikataba ya Bonde la Kongo ikawafunga Waingereza mikono wasiweze kuwatoza Wajapani ushuru mkubwa kuliko wengine. Hayo yote niliyajua kwa Kiingereza. Kwa Kijapani nilikwama mstari wa kwanza. Kabla ya mageuzi yaliyoanza 1946, herufi nyingi ziliandikwa kwa umbo la zamani lenye mistari mingi, na hata silabi zilikuwa na tahajia nyingine. Cheti changu cha ukutani hakikuwa na habari na mambo hayo.

Rafu ya kamusi ilikuwa ndefu: Casio, Sharp, Canon, Seiko, zimefunguliwa zote na kufungwa kwa waya. Mgeni akizishika kwa mara ya kwanza anagundua haraka kwamba hazikutengenezwa kwa ajili yake. Ni za Mjapani anayejifunza Kiingereza. Ukiingiza neno la Kiingereza unapewa Kijapani kilichoandikwa kwa kanji tupu, zile herufi zenye asili ya Kichina, bila kukuonyesha inavyosomwa, kwa sababu Mjapani haihitaji hiyo. Inabidi ubonyeze kitufe cha kurukia, uchague neno, uingie kamusi ya Kijapani kwa Kijapani, ndipo upate matamshi. Wageni wengi niliowajua walikuwa wakinunua Wordtank ya Canon kwa sababu menyu zake ziligeuka Kiingereza. Mimi niliona kwamba mtu aliyefika mahali pa kusoma ripoti za kibalozi na bado anaogopa menyu, ana tatizo ambalo duka halitalitatua.

Kijana wa duka, mwenye kizibao na tabasamu la kazi, alitupeleka kwenye mashine yenye kamusi na vitabu vinavyokaribia mia. Mapishi. Mazungumzo ya hotelini. Adabu za mazishi. Nikamuuliza jambo moja tu: kamusi ya Kijapani iliyomo ni Kojien au Daijirin? Akanitazama upya. Daijirin huanza na maana inayotumika leo, Kojien huanza na ile ya kale kisha inashuka taratibu hadi leo. Kwa msomaji wa gazeti la asubuhi, Kojien ni mateso, na wapo wageni waliojitesa nayo kwa sababu ya jina lake tu. Kwa mtu mwenye karatasi ya kabla ya vita, ndiyo yenyewe. Toleo la sita lilikuwa limetoka Januari mwaka uleule, lenye maneno yapatayo 240,000, na lilikuwa limeshaingia kwenye mashine za bei ya juu.

"Dada, hiyo ni nusu ya kazi," senpai akasema kwa Kiswahili. "Neno usilojua kulisoma utalitafutaje? Jaribu kuandika."

Chini ya kibodi palikuwa na paneli ndogo ya kuandikia, na kalamu ya plastiki nyembamba iliyochomekwa ubavuni. Nikatoa nakala yangu kwenye mkoba, nikaikunjua juu ya rafu, nikachagua herufi iliyojaa ukurasa mzima: uzi, kwa umbo lake la zamani, 絲. Leo Wajapani wanaandika nusu yake tu. Zamani ziliandikwa nusu mbili zinazofanana, bega kwa bega, mistari kumi na miwili kwenye kisanduku kisichozidi stempu.

Niliiandika polepole, kama nilivyofundishwa: juu kwanza, kushoto kabla ya kulia, usiinue kalamu pasipostahili. Nusu ya kwanza ilikula nafasi, ya pili nikaibana. Mkono ulikuwa unatoka jasho. Nilipomaliza, mashine ikakaa kidogo, kisha ikapanga herufi kadhaa pembeni, na ya kwanza ikawa yenyewe. Senpai akapiga kigelegele, kile cha Unguja, katikati ya Umeda. Watu wakageuka.

Mmoja wa waliogeuka alikuwa mzee wa kama miaka themanini, kofia ya kitambaa, mfuko wa duka mkononi. Akasogea, akainamia skrini.

"Umesomea Taiwan, binti?"

Swali la haki kabisa. Taiwan bado wanaandika hivyo. Nikamwambia hapana mzee, nimetoka Tanzania.

"Sasa nani kakufundisha hii?"

Nikamwonyesha karatasi. Akavua miwani, akaisogeza puani, akaanza kusoma kwa sauti pale pale tumesimama. Hakusita. Mistari iliyonila usiku kucha aliisoma kama mtu anayesoma ratiba ya treni: bei, marobota, bandari, Mombasa. Alipofika Mombasa akainua macho akanitazama, kisha akaendelea. Wimbo wa duka ukawa unamshindania. Kijana wa kizibao alikuwa amesimama nyuma yetu, mikono mbele, naye akisikiliza, na ilionekana wazi kwamba hata yeye asingeisoma kirahisi karatasi ile.

Mzee alipomaliza akaomba kalamu. "Ngoja nami niijaribu. Hizi ndizo tulizosomea shule."

Akaandika "nchi", kwa umbo la zamani. Mkono wake ulikwenda upesi, mistari ikishikana, kalamu haikuinuka hata mara moja. Mimi mwenyewe, mgeni, niliitambua palepale. Mashine ikampa herufi za ajabu ajabu, hakuna hata moja iliyokaribia. Akaandika tena, kubwa zaidi. Ikampa nyingine. Akajaribu "shule", nayo ikakataa. Kijana wa duka akainama, akaomba radhi kwa niaba ya mashine, akaeleza kwa upole mwingi kwamba ingefaa mteja aandike mstari mmoja mmoja, kwa utaratibu.

Mzee akacheka, meno yote nje. "Kumbe imesoma sana kuliko mimi!"

Akanirudishia kalamu kwa mikono miwili. Nikataka kusema kitu cha adabu, na Kijapani chote cha daraja la kwanza kikanitoka. Senpai ndiye aliyeinama kwa niaba yetu. Mzee akaenda zake upande wa redio.

Nimelifikiria jambo lile mara nyingi na sijafika mwisho wake. Mimi mashine ilinielewa kwa sababu nilijifunzia mahali ilipojifunzia yenyewe, kwenye kitabu cha mazoezi, mstari wa kwanza, mstari wa pili. Yeye aliandika kama mtu anayeandika. Kwa dakika chache nilijiona nimemshinda Mjapani kwa Kijapani, na hadi leo raha ile siioni vizuri ilikuwa ya aina gani.

Niliinunua. Yen elfu thelathini na kitu, senpai akiomba punguzo kwa Kiosaka kizito hadi kijana akatoa kikokotoo. Sitaki kusema sikufanya vizuri: ripoti zote zilizopigwa chapa nilizisoma nayo, na magazeti ya biashara yaliyokatwa na kuhifadhiwa Chuo Kikuu cha Kobe, na nyaraka za Wizara ya Mambo ya Nje zilizowekwa mtandaoni. Tangu hapo Seiko wameshaacha kutengeneza kamusi hizi, na mwaka 2025 zikaja habari kwamba Casio nao hawaundi tena mpya. Simu ya binti yangu inapiga picha ukurasa na kuusoma. Sawa.

Ila nyuma ya ripoti kulikuwa na barua. Makarani wa makampuni ya vitambaa waliandika kwa mkono, wengine kwa brashi, upesi, mistari ikishikana. Kwenye zile, mashine na mimi tulikuwa mabubu sawasawa. Ikabidi nitafute kikundi cha wastaafu waliokuwa wakikutana kwenye maktaba ya mtaa kusoma maandishi ya zamani, wakiwa na chai, mandarini, na kijitabu cha maumbo ya mwandiko kilichochakaa kikipokezanwa mezani. Siku ya kwanza nikaiweka kamusi yangu juu ya meza, kwa kujiamini. Bibi mmoja akaniuliza niliinunua kwa bei gani. Nikamtajia. Akapiga hesabu kwa sauti, akawatangazia wenzake kwamba kwa pesa hiyo huyu binti angewanunulia tambi za udon wote waliopo hapa kila wiki hadi mwaka mpya, kisha akavuta barua yangu upande wake na kuuliza nimekwama wapi.