Ndoo mbili na vumbi la lava

Vumbi linalotua juu ya magari hapa Goma ni lava iliyosagwa. Mji wetu wa mashariki mwa Kongo umekaa juu ya miamba ya volkano ya Nyiragongo, barabara nyingi za mitaani ni mawe yale yale meusi, na kila lori linalopita linayasaga zaidi. Tangu lava ya Januari 2002 ikatize katikati ya mji hadi ziwani, tumejenga nayo kuta, tumesawazisha nayo viwanja, na watoto wetu wanaicheza. Basi nikimwona mtu asubuhi anapitisha kitambaa kikavu juu ya boneti yenye vumbi, moyo unaniuma. Chembe zile ni ngumu kuliko rangi. Vanishi ya juu inayolinda rangi ya gari ina unene wa mikroni 40 au 50 hivi, nyembamba kuliko unywele, na kitambaa kikavu kinaichora viduara vidogo vidogo ambavyo utaviona jua likipiga.

Ndiyo maana gari letu naliosha mwenyewe, hapa kwenye parsele, kiwanja cha nyumbani. Sina neno baya kwa vijana wanaoosha magari kando ya barabara. Wanatafuta chakula cha watoto wao, na maji wanayanunua kwa bidoni, yaani madumu, kama sisi. Ndoo moja ikitosha magari kadhaa, hesabu yao naielewa. Lakini sifongo ikishatoka kwenye tairi la gari la kwanza, mchanga ulio ndani yake unahamia mlango wa gari la pili.

Leo bomba halikutoa hata tone. Kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akaniletea bidoni za lita 20, nyingine zikaenda jikoni kwanza, kama inavyopaswa, na mimi nikabaki na tatu. Zinatosha ukizipangia. Bidoni ya kwanza yote ni ya kumwagia kabla mkono haujagusa gari: natumia kopo, naanzia juu ya paa, naacha maji yateremke yenyewe yabebe mchanga. Hapa sina haraka. Sehemu kubwa ya kazi ya kuosha gari Goma iko kwenye maji haya ya mwanzo, na ndiyo watu wengi wanayaruka.

Halafu ndoo mbili. Moja ina shampuu ya gari, nyingine ina maji matupu ya kusuuzia glavu. Nachovya kwenye sabuni, naosha kipande kimoja, nasuuza glavu kwenye maji matupu, ndipo narudi kwenye sabuni. Binti yangu aliinama akachungulia ndoo ya kusuuzia tulipomaliza paa na boneti tu.

“Papa, huu mchanga wote ulikuwa juu ya gari?”

“Wote, mama. Na ungebaki kwenye glavu, tungeusugulia rangi.”

Akaniuliza pia kwa nini sitii sabuni ya unga, maana inatoa povu zuri. Nikamweleza kwamba ile imetengenezwa kung’oa mafuta kwenye nguo, na ikifika kwenye gari inang’oa na nta niliyoipaka. Akakubali, ila povu bado analitamani. Tukateremka polepole: vioo, milango, kisha bampa na sehemu za chini zilizojaa tope jeusi. Matairi na rimu zina brashi yake na kitambaa chake, vya mwisho kabisa.

Shemeji yangu huniambia nipunguze gharama nilipeleke gari ufukweni, maji ni mengi na ya bure. Siwezi. Mafuta na grisi vinavyotoka chini ya gari vinaingia Kivu, na maji ya bomba ya mji huu yanavutwa kutoka ziwa hilo hilo. Nalisema hili kila nikipata nafasi, na nitaendelea kulisema.

Maji yenyewe ya Kivu yana madini mengi yaliyoyeyuka. Ukiyaacha yakauke juani, yanaacha alama nyeupe, na kwenye vioo zikizoea utazitafutia siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Kwa hiyo naoshea kivulini, upande wa ukuta, na suuzo la mwisho natumia maji ya mvua tuliyoyakinga kutoka kwenye bati, kwa sababu hayana madini mengi. Ila nayo nayakausha hapo hapo kwa taulo la mikrofaiba. Moshi wa volkano una gesi ya salfa inayoifanya mvua yetu iwe na asidi, na mabati ya mji huu yanapata kutu mapema.

Kutu ndiyo inayonifanya nipende kazi hii kuliko kulipa mtu. Mkono ukipita kila mahali, unakuta mambo. Leo nimekuta kokoto limetoboa rangi kwenye ukingo wa boneti hadi chuma kinaonekana, na tope limejikusanya ndani ya madigadi ya nyuma, linashika unyevu. Tope nimelitoa lote kwa mti laini na maji yaliyobaki kwenye ndoo ya kusuuzia. Yaliyobaki tena nikayamwaga penye vumbi langoni.

Nta nimepaka nyembamba, kipande kwa kipande, nikaifuta ilipokauka. Ni nta ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti fulani wa Brazili wa jamii ya mnazi. Tone la maji likianguka juu yake linajikunja na kuteleza, na vumbi la wiki ijayo halitashika sana. Lile tobo la boneti bado. Jumatatu nitatafuta msasa laini na kichupa kidogo cha rangi inayofanana, nilizibe kabla mvua haijalifikia.