Hilux yangu ya Erie na tundu la shokapu

Mlio ulianza mwezi Machi, mbele kushoto. Ngo. Ngo-ngo. Kwenye shimo kubwa pikapu ilikuwa inatulia. Ilipiga kelele kwenye vibonde vidogo, vile ambavyo huku Erie, Pennsylvania, havikosekani mwisho wa baridi. Maji yanaingia kwenye nyufa za lami, yanaganda, yanatanuka na kuipasua. Ikifika Machi barabara imejaa mashimo.

Hii pikapu naipenda, nisifiche. Ni Toyota ya 1994, injini ya 22R-E. Nyumbani mtu yeyote angeiita Hilux bila kuuliza, lakini Marekani jina hilo waliliacha tangu miaka ya sabini, ikawa inauzwa kwa jina la Pickup tu, mpaka Tacoma ilipoingia 1995. Nilipoiona mara ya kwanza imeegeshwa kwenye uwanja wa mtu, ina bango la kuuzwa, nilisimama kama niliyekutana na ndugu. Usukani uko kushoto, ndiyo, lakini sura ni ileile iliyobeba mikungu ya ndizi na mifuko ya saruji utoto wangu wote. Sasa inabeba makochi na vitanda vya familia zinazohamia hapa mjini, na wengi wao ni Wakongomani. Nikiikosa wiki moja, kuna mtu analala chini.

Nikaipeleka gereji. Wakasema shokapu, zile zinazotuliza mdundo wa gari, zimekufa, wakabadilisha zote mbili za mbele. Nikalipa. Siku ya tatu, ngo. Niliporudi wakaniambia chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, imeliwa na kutu, wao hawachomelei chesisi, bora nitafute gari lingine. Nilitoka pale nimenyong'onyea. Nawaelewa kwa upande mmoja: huku saa ya fundi ni ghali kuliko spea, kwa hiyo kazi yao ni kutoa cha zamani na kufunga kipya. Ila hakuna aliyeweka mkono kwenye tundu lenyewe, pale shokapu inaposhikwa juu, kuona linachezaje, na hilo liliniuma kuliko hela.

Aliyeweka mkono ni jirani yangu, mzee kutoka Uvira, mashariki mwa Kongo. Namwita Papa, kama wanavyoitana watu wa kwao. Aliniambia nisimame mbele niibonyezebonyeze bodi, yeye akapitisha mkono juu ya tairi mpaka kwenye kichwa cha shokapu. Akatulia, akatoa mkono. "Mutoto yangu, haiko amortisere. Ile kitundu njo ilikufa."

Ndivyo tulivyofanya kazi siku nzima, kila mtu na Kiswahili chake. Mimi nasema shokapu, yeye amortisere. Mimi spana, yeye kle. Mimi kuchomelea, yeye kusudere. Chake kimepita kwa Wafaransa na Wabelgiji, changu kwa Waingereza, na hakuna nati iliyoshindwa kufunguka kwa sababu ya hilo.

Kwa asiyejua: kwenye pikapu hizi shokapu ya mbele juu haina jicho la kupitisha bolti. Ina nondo yenye nyuzi, inapenya tundu la kishikizo kilichoungwa kwenye chesisi. Chini ya kishikizo kuna raba, juu kuna raba nyingine, kila moja na washa yake pana, kisha nati inabana vyote pamoja. Raba ikifa, chuma kinagonga chuma. Kila kibonde kinalichimba tundu kidogo, na maji ya chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha theluji yanamalizia. Tundu langu lilikuwa limeshakuwa na umbo la yai. Ukifunga shokapu mpya kwenye tundu la namna hiyo, raba mpya nayo inatafunwa baada ya siku chache.

Jioni tuliimwagia nati mafuta ya kulegeza kutu, tukaiacha ilale. Asubuhi tukaweka vizuizi nyuma ya matairi, tukainua kwa jeki na kuegemeza chesisi kwenye stendi. Jeki peke yake usiiamini, hata kwa dakika mbili. Upande wa kushoto, ingawa nati haikuwa ya zamani, ilizunguka na nondo yake mpaka tulipoishika ncha kwa spana ya pili.

Kabla ya kuwasha chochote, Papa alichukua nyundo ndogo akaigonga chesisi taratibu kuzunguka kile kishikizo. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya boksi. Chetu kililia kote isipokuwa kwenye mdomo wa tundu, na hapo ndipo nilipopumua. Kingekuwa kimeoza mpaka ndani ningeiaga, maana hakuna washa inayookoa chesisi iliyooza.

Tukang'oa waya wa hasi wa betri. Shokapu zote mbili tukaziweka mbali, kwa sababu ndani zina mafuta na gesi yenye presha, si kitu cha kukaa karibu na moto. Mpira wa breki tukausogeza pembeni na kuufunika, ndoo ya maji ikawa karibu. Nikasaga kwa grenda mpaka chuma kikawa cheupe. Nilikuwa nimenunua washa nene za milimita 5, moja ya juu ya kishikizo na moja ya chini yake, nikawa tayari kuchomelea.

Papa akanishika mkono. Nilikuwa nimechagua washa zenye tundu linaloenea nondo tu. Akachukua raba mpya akanionyesha: ina shingo. Shingo hiyo ndiyo inayokaa ndani ya tundu na kuitenga nondo na chuma. Tundu lazima litoshe shingo ya raba. Ningechomelea zile zangu, nondo ingekuwa inasugua chuma kuanzia siku ya kwanza. Tukazitoboa upya, tukajaribu kwa raba, ndipo tukachomelea kidogokidogo huku na huku ili chuma kisipinde. Kisha praima ya zinki, rangi mikono miwili, na chai ya tangawizi tukisubiri ikauke.

Kwenye kufunga, nati ya juu haikazwi kwa hasira. Unakaza mpaka raba ivimbe ifikie ukingo wa washa, basi. Bolti ya chini tuliibana nusu, tukaikaza mwisho baada ya gari kushuka na kukaa kwa uzito wake, la sivyo bushi, raba ya kwenye jicho la chini, inabaki imejipinda. Upande wa kulia tundu lilikuwa zima, tukalisafisha, tukapaka rangi na kuweka raba mpya.

Niliendesha peke yangu kando ya ziwa, kioo nimekishusha, nikipita makusudi kwenye vibonde. Kimya. Niliporudi Papa alikuwa amesimama mlangoni kwake akisikiliza gari likiingia, akaitikia kwa kichwa tu.

Ukaguzi wa mwaka, ambao Pennsylvania ni lazima, pikapu imeupita. Jumamosi tunahamia nyuma: vining'inizo vya springi vimeanza kulia, na Papa ameshasema tuanze na nyundo.