Siku moja na leza, baridi na friji ya baba mwenye nyumba

Saa kumi na mbili asubuhi chai na kiporo. Saa mbili niko mezani, Tengeru, nje kidogo ya jiji la Arusha. Hadi saa nne nachuja vipimo vibovu.

Kazi yangu hii hapa. Superkondakta ikipozwa vya kutosha hupitisha umeme bila ukinzani hata chembe, kwa sababu elektroni zake hutembea jozi jozi. Wenzangu walioko Ulaya huipiga kwa mpigo wa leza wa femtosekunde chache (femtosekunde ni sehemu ya milioni ya bilioni ya sekunde), jozi zikavunjika. Mpigo wa pili, hafifu, hufuata kuchungulia kilichotokea. Kuuchelewesha pikosekunde 1, yaani femtosekunde elfu moja, wanasogeza kioo kinachouakisi milimita 0.15 tu. Namba zinatumwa kwangu, nachora grafu. Koti jeupe sina.

Saa tano hodi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Njoo unitazamie friji, haigandishi."

"Baba, mimi si fundi."

"Si ulisema kazi yako ni mambo ya baridi?"

"Ndiyo baba, ila ni baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri."

"Hiyo unaiweza, ya samaki inakushinda?"

Mtu ninayedaiwa naye kodi nitamjibu nini? Nikatoa sufuria ya maharage, maziwa, samaki waliokwisha kulainika. Nikabana noti ya elfu moja kwenye mlango. Ikavutika bila kukwama. Mpira umekauka. Nikampigia fundi, akasema yuko njiani. Mnaijua hiyo njiani. Tukamsubiri barazani, baba akinihadithia friji zote alizowahi kumiliki, na mimi bando langu la siku linaelekea kuisha.

Jua lilikuwa limeshapinda niliporudi. Grafu inaporomoka ghafla, halafu inapanda kwa kujikokota. Elektroni zikiungana tena jozi hutoa nishati kama mtikisiko, na mtikisiko huo huvunja jozi nyingine, ndiyo maana grafu hujikokota. Wanafizikia Rothwarf na Taylor waliandika milinganyo yake mwaka 1967. Lakini huenda ni leza tu imekipasha joto kipande kizima cha superkondakta. Nikarudia hesabu, nikarudia tena, macho yanawaka, ugali umepoa pembeni.

Giza limeingia zamani. Nikawaandikia: punguzeni nguvu ya mpigo. Jozi chache zikivunjika, elektroni itachelewa zaidi kupata mwenza, na mstari wa grafu utalala, yaani utapanda taratibu zaidi. Usipolala, basi wiki nzima nilikuwa nachora joto la leza.