Siku moja gerejini Mwanjelwa: Hilux iliyonyanyuliwa na mpira wa breki

Saa 12:30 asubuhi

Mwezi wa sita Mbeya, spana iliyolala nje usiku inauma vidole. Dogo ninayefanya naye kazi ameshafungua geti na kuwasha jiko la mkaa. Chai ya rangi, chapati moja moja, kisha tunamalizia Noah iliyobaki jana. Plagi na chujio la hewa tu, hiyo haina hadithi.

Saa 2:15

Inaingia Hilux ya kebini mbili, imesimama juu kuliko ilivyotoka kiwandani, matairi mapana ya vifundo. Mwenyewe ni mzee anayenunua viazi Umalila na kuvipeleka Chunya, hadi kwa wachimbaji wa Matundasi na Makongolosi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja na swali, sijaja na ubovu."

Gari ameinunua ikiwa imeshanyanyuliwa. Gereji moja imemwambia abadilishe mipira yote ya breki, yale mabomba laini yanayopeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu, iwekwe mirefu. Nyingine imemwambia inchi mbili ni kidogo, aondoke zake. Kesho anashuka Chunya na mzigo, na anataka kujua amwamini nani.

Nikamwambia sitamjibu mpaka niione gari ikiwa imening'inia. Akacheka, akavuta kigoda.

Saa 2:40

Kwanza nataka kujua imenyanyuliwa vipi, maana kuna kunyanyua kwa namna mbili na breki hazisumbuki sawa. Kuna wanaonyanyua bodi peke yake, wanaweka vipande kati ya bodi na chasisi. Hapo mpira unaotoka kwenye chasisi kwenda kwenye gurudumu hauguswi kabisa. Umbali wake ni uleule. Kinachovutika ni paipu za chuma zinazoshuka kutoka masta silinda, pampu inayosukumwa na pedali ya breki, kwenda kwenye chasisi, na huko ndiko pa kuangalia. Namna ya pili ni kunyanyua kwenye springi. Hapo ndipo mpira wa gurudumuni unapoingia kwenye kesi.

Hii ya mzee ni ya springi. Mbele kuna spesa ya chuma juu ya shokapu. Nyuma kuna kipande cha chuma cha sentimita tano kati ya springi na ekseli, yubolti, zile bolti za umbo la U zinazobana springi na ekseli, zimebadilishwa kuwa ndefu, na shokapu za nyuma ni mpya, ndefu kuliko za asili. Hizo shokapu zilinisimamisha.

Watu wengi wanadhani gari ikipanda inchi mbili basi mpira nao umepungukiwa inchi mbili. Gari ikisimama chini, mpira huwa na ulegevu wa kutosha, kwa sababu kiwandani waliupimia gurudumu likiwa limeshuka mpaka mwisho, kama vile linapodumbukia shimoni. Na huo mwisho, mara nyingi, unawekwa na shokapu. Shokapu ikifika urefu wake wote, ekseli haishuki tena. Kwa hiyo ukiweka kipande cha chuma nyuma ukabakiza shokapu za asili, ekseli bado itakomea palepale pa zamani, na mpira wa zamani utatosha. Ukiweka shokapu ndefu, umeiruhusu ekseli kwenda mahali ambapo mpira haujawahi kufika. Inchi za kunyanyua ni zilezile, jibu ni jingine.

Saa 3:10

Dogo anataka kuweka jeki chini ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma. Namzuia. Ukiinua kwa difu, ekseli inapanda pamoja na gari na mpira unabaki umelegea, unaangalia unasema uko salama. Hivi ndivyo gari nyingi zinavyopitishwa. Jeki inakwenda chini ya chasisi, stendi zinawekwa chini ya chasisi pande zote mbili, kabari kwenye matairi ya mbele, ndipo unashusha jeki taratibu na ekseli ining'inie yenyewe.

Tukashusha. Nyuma ya Hilux kuna mpira mmoja katikati, unatoka kwenye braketi ya chasisi unashuka kwenye kiungo kilicho juu ya ekseli, kutoka hapo paipu mbili zinagawana kulia na kushoto. Ekseli ilipofika chini, mpira ulinyooka ukakaza hadi braketi ikaanza kujikunja. Nikamwita mzee aje aone kwa macho yake. Aliinama, akaugusa kwa kidole, akanyamaza.

"Sasa fikiria upande mmoja uko shimoni na gari inayumba," nikamwambia. "Unavuta hapa kwenye kichwa chake." Mpira ukikatika huo, mguu unazama na breki zote za nyuma zimekwenda.

Saa 4:00

Mbele ni kazi ya subira zaidi. Spesa iko juu ya shokapu, na shokapu imefungwa katikati ya mkono wa chini, ule unaoshika gurudumu kutoka kwenye chasisi, kwa hiyo gurudumu linashuka zaidi ya unene wa spesa yenyewe. Tunaning'iniza, tunakata usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho. Kisha tunaweka jeki chini ya mkono wa chini, tunalipandisha gurudumu kana kwamba limegonga tuta, tunarudia. Natafuta mambo mawili: mpira usikaze popote, na usiguse tairi wala rimu popote. Mpira mrefu kupita kiasi ni hatari yake nyingine. Unasugua tairi pana mpaka nyuzi zinatokeza.

Mbele mipira imetosha. Imelegea katika kila hali, haina mipasuko hata ukiikunja. Haibadilishwi. Mzee aliuliza kama si vizuri kubadilisha yote "kwa usalama". Nikamwambia hapana, fedha hiyo ikanunue mafuta mapya ya breki.

Saa 5:30

Natembea maduka ya spea na uzi mfukoni. Huo uzi nimeupima kutoka kwenye braketi hadi kwenye kiungo cha ekseli ikiwa imening'inia, nikaongeza ulegevu. Ndio urefu ninaoutafuta, pamoja na vichwa vyenye mistari ya skrubu ya milimita 10 kwa 1 kama vya Toyota.

Duka la kwanza hawana. La pili kijana ananipa ushauri wa kukata na kuunga mpira wa mitambo ya haidroli, kama wanavyofunga kwenye ekskaveta. Anazungumza kwa nia njema, lakini huo mpira umetengenezwa kwa mafuta ya madini. Mafuta ya breki ni ya aina nyingine kabisa, yanauvimbisha na kuulainisha kwa ndani. Na breki haiungwi katikati. Duka la tatu lina mpira halisi wa breki wa gari nyingine, vichwa ni vilevile, urefu umezidi uzi wangu kidogo. Nauchukua.

Saa 7:00 mchana

Wali wa Kyela na maharage kwa mama jirani. Mzee analipa, hataki kusikia neno.

Saa 8:00

Tunafunga. Kabla ya kuukaza namhakikishia dogo kwamba mpira haujajisokota. Kuna mstari umechorwa ubavuni mwake, ukizunguka kama kamba ujue umesokotwa. Tunaangalia pia vitu vingine vinavyovuka kutoka chasisi kwenda ekseli: kebo ya breki ya mkono imetosha, mpira wa kupumulia wa difu umechomoka. Tunaurudishia, tunaurefusha.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna aliyemtajia mzee. Hilux yake haina ABS, mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge, ina vali inayosoma mzigo: fimbo inaunganisha ekseli na vali iliyo kwenye chasisi. Mzigo ukishusha chasisi, fimbo inasukuma vali, breki za nyuma zinaongezewa nguvu. Waliponyanyua gari hawakuigusa fimbo. Sasa vali inaamini gari ni tupu hata ikiwa na magunia ya viazi, na breki za mbele zinabeba karibu kila kitu. Kwenye mteremko wa Chunya hilo lilinitia wasiwasi kuliko mpira wenyewe. Tunapandisha mahali pa kufungia fimbo kwenye ekseli kwa kiasi kilekile cha kipande cha chuma, sentimita tano.

Saa 9:30

Kutoa upepo kwenye paipu za breki. Tunaanza nyuma kushoto, mbali zaidi na masta silinda kwa gari za usukani wa kulia, kisha nyuma kulia, kwenye vali, na mbele. Mafuta ya zamani yanatoka meusi. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi joto 205 za Selsiasi, yakishanyonya unyevu kiwango kinashuka hadi 140 hivi, na yakichemka mguu unakanyaga mvuke. Dogo anakanyaga kwa nguvu zake zote injini ikiwa inawaka, mimi niko chini na tochi. Hakuna tone.

Saa 10:45 jioni

Tunapanda barabara ya Chunya mpaka Kawetire, mzee akiendesha. Kurudi namwomba ashuke kwa gia ndogo na akanyage breki kwa vipindi. Gari inasimama imenyooka, mguu uko juu. Pale gerejini tunaining'iniza tena dakika chache: mpira umelegea vizuri, kiungo kikavu.

Namwandikia kwenye karatasi: kesho ukifika Chunya, kabla ya kushusha viazi, inama uangalie mpira wa katikati na fimbo ya vali. Baada ya wiki mbili leta nikaze tena yubolti za nyuma, maana kipande kile cha chuma hujikalia na zikalegea.

"Ndaga fijo," anasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, anaikunja karatasi na kuitia mfuko wa shati.

Saa 12:00 jioni

Dogo ameuchukua ule mpira wa zamani. Kesho anataka tuupasue auone kwa ndani.