Nilivyotenganisha hesabu za madalali wa samaki kwenye programu moja

Mjomba wangu ni dalali pale soko la samaki la Deep Sea, Tanga. Yeye na wenzake walikuwa na programu ndogo ya kurekodia mauzo, iliyoandikwa kwa Python, lugha ya kuandikia programu, na fundi ambaye ameshahama mji. Siku akiuza dalali mmoja tu, mambo yalikwenda sawa. Wakiuza wawili, kila anayefungua hesabu yake anakuta samaki wa wote.

"Mjomba, mimi leo sijagusa jodari. Hawa wametoka wapi?" akaniuliza. Kwa watu wanaogawana pesa siku hiyo hiyo, hilo ni jambo la kugombanisha.

Nilipofungua msimbo, klasi, yaani kiolezo cha kuundia kila dalali ndani ya programu, ilianza hivi:

class Dalali:
    kamisheni = 5
    mauzo = []

Shida ilikuwa mstari wa tatu. Mwili wa klasi husomwa mara moja tu, klasi inapoundwa. Kwa hiyo orodha iliyoandikwa pale ni moja, mali ya klasi, na kila objekti, yaani kila dalali aliyeundwa kutokana na klasi, inaangalia hiyo hiyo. Dalali mmoja akiongeza changu kwa self.mauzo.append (self ni objekti yenyewe), changu huyo anaonekana kwa wote. Nikaihamishia orodha kwenye __init__, ambayo huitwa kila objekti mpya inapoundwa:

    def __init__(self, jina):
        self.jina = jina
        self.mauzo = []

Nikaunda madalali wawili, mmoja nikampa nguru, wa pili vibua, nikachapisha orodha zote mbili. Kila mtu na samaki wake.

Kamisheni niliiacha palepale, maana asilimia ni moja kwa wote. Lakini hapa inataka uangalifu. Ukiandika self.kamisheni = 6, ile ya klasi haiguswi; unaunda kamisheni mpya ya objekti hiyo peke yake, nayo inaifunika ya klasi. Wengine wanabaki na 5. Ukitaka ibadilike kwa wote, andika Dalali.kamisheni = 6.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa kigeu, yaani jina linaloshika thamani, cha jumla ya siku. Kilikaa nje ya klasi zote, na fanksheni kadhaa, yaani vipande vya msimbo vinavyoitwa kwa jina, zilikuwa zikikibadilisha kwa kutumia neno global. Bila neno hilo, kigeu unachokipa thamani ndani ya fanksheni huhesabiwa kuwa cha fanksheni hiyo tu, na cha nje hakisogei. Python inaruhusu njia hiyo, ila mimi siipendi kabisa: jumla ikikosewa, huna pa kuanzia kutafuta, kwa sababu kila mkono unafika. Nikaunda klasi ya Mnada, inayoshika orodha ya madalali na kupiga jumla yenyewe kutoka kwenye mauzo yao. Fanksheni inayohitaji jumla inapewa objekti ya mnada kama kigezo, basi.

Mjomba alipoona hesabu zimetulia, akaja na lingine: "Sasa niwekee na wanaokopa."

Nikamuuliza, deni tuliandike kwa dalali au kwa mchuuzi?

"Kwa mchuuzi. Mtu mmoja anaweza kudaiwa na sisi wote."

Ndipo nikaandika klasi ya Mchuuzi, yenye self.madeni ndani ya __init__, na kila deni limebeba jina la dalali anayedai.