Kete nne za ami na treni za Ulaya

Hii safari nimekaa nayo kichwani tangu dada yetu ahamie Munich, mwaka hadi mwaka nasema inshallah mwakani, na mara hii nikasema basi, liwe liwalo, twenda. Mimi na mdogo wangu wa mwisho, yeye ana miaka 24 na mimi nshavuka arubaini, nimevuka kwa kiasi gani hilo halikuhusu. Na kwa vile nimefanya kazi na Waitaliano hapa Malindi miaka chungu nzima, Kitaliano nakisema kile cha kuuliza bei na cha kugombana, Italia ilikuwa lazima iwemo. Yaani nishasikia hadithi za Roma mpaka naona kama nimezaliwa huko.

Sasa mpango wangu wa kwanza, mnisamehe. Milano, Roma, Firenze, Venezia, Vienna, Prague, Berlin, Munich, Paris. Miji tisa kwa safari moja. Kwenye simu ile ramani ya Ulaya ni ndogo bwana, Paris na Munich unaziona kama Watamu na Malindi, mpaka ubonyeze uone masaa.

Tutatumia pasi ya treni. Kwa asiyejua, kuna pasi moja inaitwa Eurail, inafanya kazi nchi 33 za Ulaya, unalipa mara moja halafu unapanda treni nyingi bila kukata tiketi ya kila safari. Ziko za siku mfululizo, na ziko za kuchagua siku, mfano siku 4, 5 au 7 ndani ya mwezi mmoja, au siku 10 au 15 ndani ya miezi miwili. Siku uliyoichagua wapanda treni hata tano ukitaka, siku ambayo hukuichagua wakaa zako mjini ukatembea kwa miguu. Mdogo wangu anapata bei ya vijana kwa sababu hajapita miaka 27, mimi nalipa ya wakubwa, maisha ndiyo hayo.

Dada alinitumia linki ya pasi akasema ndiyo anayotumia yeye. Nikajaza kila kitu usiku mzima, majina, tarehe, kadi nishaitoa kwenye pochi, nilipofika pale pa kuandika nchi unayoishi nikaona mambo hayaendi. Kumbe ile yake ni Interrail, ya watu wanaoishi Ulaya, sisi tunaokaa huku yetu ni Eurail. Treni ni zilezile ila wao ndani ya nchi yao wanayoishi wanaruhusiwa safari ya kutokea na ya kurudia tu, sisi hatuna nchi ya kubanwa. Kwa hiyo kama una ndugu huko usikubali akununulie kama anavyojinunulia yeye.

Halafu kuna wakala mmoja Mombasa, simtaji, aliniambia na pasi unapanda treni zote bure, dada, we ingia ukae. Si kweli. Zile treni za kasi za Italia, Ufaransa na Uhispania, pamoja na pasi yako, lazima ubuku siti na siti inalipiwa, mara nyingi yuro 10, mara 20, na ile ya chini ya bahari inayokwenda London ni zaidi ya hapo. Ujerumani na Austria treni nyingi za mchana unaingia tu na pasi yako ukatafuta pa kukaa. Niliposikia hivyo Paris ikaanza kufifia yenyewe kwenye karatasi.

Lakini aliyenipangua mpango wote ni ami yangu wa Lamu, ambaye treni hajawahi kuipanda hata ile ya Mombasa Nairobi. Alikuja Malindi kutazamwa macho, akakaa kwetu wiki, na ami huyu hatembei bila kifuko chake cha kete za bao, popote atakapopata baraza na wazee wawili basi yeye keshafika. Usiku mmoja baada ya isha nimejikunyata ukumbini na kalenda ya zamani nimeigeuza nyuma naandika miji, akaniuliza nafanya nini. Nikamsomea. Akacheka mpaka akakohoa.

"Hunu ni mwendo wa mtu anaefukuzwa. Yeo mui hunu, kesho mui ule, utaona nini wewe?" Kwa Kiamu chake, leo mji huu, kesho mji ule.

Nikamwambia ami, pasi ni ya siku saba, lazima nizitumie zote zisipotee. Hapo ndipo akafungua kifuko, akatoa kete saba akazipanga kwenye mkeka, akasema haya, hizo siku zako, nionyeshe wazilaje. Nikaanza. Milano kwenda Roma, masaa matatu kwa treni ya kasi, akasukuma kete moja. Roma kwenda Firenze, akashika kete akaniuliza safari yenyewe tiketi yake ya kawaida kiasi gani. Nikatazama kwenye simu, ile treni ya polepole inayosimama kila kituo ni yuro ishirini na kitu. Na siku moja ya pasi, ukigawanya bei, inakugharimu kiasi gani? Nikagawanya. Zaidi ya mara mbili. Ami hakusema kitu, alirudisha kete mahali pake akaniangalia tu.

Wallahi niliona haya. Mimi ndiye ninayeshika hesabu kazini.

Basi tukaanza upya, kila safari fupi naikatia tiketi yake, kete nalipia njia ndefu peke yake. Ami maisha yake yote alikuwa kwenye jahazi, boriti kutoka Lamu kupeleka Mombasa, hesabu za kungoja maji na kungoja upepo anazijua, na anavyoona yeye mtu anayetaka kugusa bandari zote hajawahi kushusha mzigo hata mmoja. Prague ikatoka. Berlin ikatoka. Paris nilibishana nayo kidogo halafu ikatoka.

Penye vurugu kubwa ilikuwa treni ya usiku. Iko moja ya kutoka Vienna mpaka Venezia, unalala humo unaamka kwenye maji, na kwangu mimi hiyo ndiyo safari yenyewe hasa. Sasa siku ya pasi inaanza saa sita usiku na kuisha saa sita usiku inayofuata. Ami kwake siku inaanza magharibi, usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, sasa treni ikiondoka Alhamisi saa tatu usiku na ushei yeye anasema ni kete ya Ijumaa, mimi nasema ya Alhamisi, mdogo wangu anasema ni kete mbili kwa sababu unafika siku nyingine. Tukasoma masharti pamoja, na jibu ni kwamba treni ya usiku inakula siku ile iliyoondoka tu, mradi usibadilishe treni nyingine baada ya saa sita usiku. Kwa hiyo Alhamisi. Kete moja. Ila kitanda unalipia mbali, na siti ya kukaa pia inalipiwa, ami akasema hata jahazini mwenye kulala kwenye tezi, kule nyuma ya chombo, si sawa na mwenye kulala juu ya boriti.

Ikaishia hivi. Ndege kwa kupitia Addis Ababa mpaka Milano, tunalala usiku mmoja. Kete ya kwanza Milano Roma, tunakaa Roma siku nne. Firenze kwa tiketi ya kawaida, usiku mbili. Kete ya pili ndiyo ndefu, Firenze mpaka Munich, inapita Bologna na Verona halafu inapanda milima pale Brenner, zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari, mimi mtu ambaye mlima wangu mkubwa ni matuta ya mchanga ya Mambrui. Munich kwa dada usiku nne. Kutoka hapo tunakwenda Salzburg kurudi siku hiyohiyo bila kugusa pasi, maana iko tiketi ya siku ya jimbo la Bavaria, Bayern-Ticket, inachukua mpaka watu watano kwenye treni za kawaida, na ingawa Salzburg iko Austria inakufikisha mpaka stesheni yake, ila siku za kazi ni kuanzia saa tatu asubuhi. Kete ya tatu Munich Vienna, usiku tatu. Kete ya nne ile ya usiku. Venezia usiku mmoja, halafu mpaka Milano tiketi ya kawaida, tunalala usiku mmoja, nyumbani.

Kete nne! Nilikuwa nakaribia kulipia saba.

Na huu mpangilio umenisaidia kwenye viza pia, maana viza ya Schengen, ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na kwenye ile karatasi yangu ya mwanzo nchi tatu zilikuwa zinalingana, sijui ningemwendea nani. Sasa Italia ina usiku tisa, Ujerumani nne, Austria tatu, hakuna ubishi. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, bima ya safari isipungue yuro 30,000, na maombi unaweza kuyapeleka kuanzia miezi sita kabla, usingoje zikabaki siku kumi na tano. Pasi yenyewe sijailipia bado, nangoja viza kwanza. Ikishalipiwa inakaa kwenye apu ya Rail Planner, na kila treni unaiingiza kwenye apu kabla hujapanda, ukisahau ni kama huna tiketi. Dada ameniapia nibebe pawabenki mbili.

Kitu kinachonitia hofu kuliko vyote ni kupanda tu. Mimi treni ninayoijua ni ya Miritini, stesheni ya Mombasa, mabegi mnayapanga chini kwenye mstari, mbwa wanapita wananusa, mashine, halafu mashine tena, siti yako imeandikwa namba na mkikaa magoti yako yako kwa mtu wa mbele. Dada anasema Munich unatoka barabarani moja kwa moja mpaka mlangoni mwa treni, hakuna anayekuita, treni inakuja inasimama dakika mbili tatu ishakwenda. Mdogo wangu nimempa kazi moja tu, ashike mkono wangu.

Sisi watu wa huku treni tumeisikia tu jamani. Reli ya Lamu imezinduliwa pamoja na ule mradi mkubwa wa bandari, LAPSSET, 2012, bandari imeanza kazi 2021, reli yenyewe bado ami anaingoja.

Yeye alisharudi Lamu. Juzi kapiga simu, nikadhani anataka kujua habari za viza, kumbe yuko barazani na bao limetandazwa mbele yake, wamehesabu kete wakapata sitini. Zile nne ziko kwangu kwenye mkebe wa sukari. Nikamwambia ami, ningoje mpaka nirudi, akasema watacheza na mbegu za ubuyu lakini nisizipeleke Ulaya.