Siku moja na viluwiluwi vya kichocho

Saa kumi na moja alfajiri nishaamka, chai ya rangi na chapati ya jana, mbio Rangi Tatu kugombea daladala. Foleni ya Kilwa Road mnaijua, siisemei.

Saa mbili niko maabara na naanza na konokono, tunawaokota kwenye mitaro ya mashamba ya mchicha. Nabadilisha maji, nawapa letasi, kila mmoja kikopo chake karibu na taa. Kichocho cha mkojo huku Pwani kinapita kwa hawa, na viluwiluwi vyake, yaani minyoo michanga, hutoka kwenye konokono mchana jua likiwaka, saa zilezile watoto wanapoogelea, jambo linaloniuma kila nikilifikiria.

Saa tano maji yana kitu kama vumbi linalocheza, navaa glovu maana vinapenya ngozi. Kwenye hadubini kila kimoja kina kichwa na mkia wenye panda mwishoni. Kichwani kuna ubongo mdogo, neva zinashuka mwilini mpaka mkiani, na zote mpya kabisa! Yule mnyoo mchanga wa mwanzo aliyeingia kwenye konokono alikuwa na neva zake za kuogelea, zikaishia humo, halafu seli changa zikajenga kizazi kingine chenye neva nyingine.

Sasa navivuta kwa bomba la sindano na kuvirudisha, mara kadhaa, mikia inakatika. Jamani, mkia uliokatika unaendelea kupigapiga peke yake! Nimeshaona mara nyingi sana ila bado nasimama kuangalia. Ndicho kinachotokea kikipenya ngozini, kinauacha mkia na neva zake, kinabaki kichwa ambacho kitajenga neva za mnyoo mkubwa, zikiwemo za vile vinyonyeo anavyojishikizia ndani ya mshipa wa damu.

Saa saba ubwabwa maharage kwa mama ntilie.

Mchana wote kuzitia neva rangi, kuosha, kusubiri, kuosha tena. Saa kumi taa inazimwa chumbani na neva zinang'aa kijani kama nyuzi, zile zenye serotonini, kemikali ya kupitisha ujumbe wa neva, nahesabu nukta moja moja mpaka macho yanawasha.

Saa moja usiku dada kapiga, Juma alikuwa anakojoa damu, kameza prazikwanteli, dawa ya kichocho, wiki iliyopita, je ndo basi? Nikamwambia hapana dada, dawa inaua minyoo wakubwa, wachanga wengi wanaponea, mrudishe mkojo upimwe tena baada ya wiki kadhaa. Na mtaroni asirudi kwanza. Akasema kesho anaenda kuongea na mwalimu wake.